Kifuniko Cheupe cha Josefina

Ukifika Nyakanazi ukamuulizia Josefina Habonimana, watu watakutazama tu. Muulizie Josefina wa Ng'ombe, utapelekwa hadi mlangoni kwake, nyuma ya gesti wanazolala madereva wa malori. Ng'ombe hana. Hajawahi kuwa na hata mmoja. Kazi yake ni kuwapiga picha, na sisi madalali wa mifugo tunazirusha picha hizo kwa simu kwa wanunuzi walio mbali. Wao wanachagua, tunavutana bei, mnyama anapakiwa.

Nimefanya naye kazi miaka saba. Simwandiki kwa kumsifu. Ana kichwa kigumu, asubuhi hasemi na mtu mpaka amalize chai, na ukimwomba punguzo anakuuliza kama ng'ombe wako naye amepunguza miguu. Namwandika kwa sababu ya jambo lililotokea mwaka juzi kati ya Bisibo na Kibimba. Watu wanalisimulia vibaya, na mimi nilikuwemo.

Alizaliwa Kibimba, wilayani Ngara, kwa wazazi waliovuka kutoka Burundi wakapata shamba la migomba huko. Shule aliishia darasa la saba. Akaja Nyakanazi kuuza chai na chapati, maana pale barabara zinakutana na mtu mwenye njaa hakosekani. Kamera aliipata kwa mpimaji mmoja wa barabara aliyekuwa anamaliza mkataba na kutaka kuondoka na begi jepesi. Mpimaji alitaja bei. Josefina akamwambia hela hiyo hana, ila ana mbuzi wawili. Mpimaji akauliza atawapeleka wapi mbuzi. Josefina akasema hawapeleki popote, atawapikia yeye, kidogo kidogo, na chapati juu, mpaka siku ya safari. Hivyo mpimaji aliila kamera yake kwa wiki tano. Mimi nilikuwa mteja wa meza ya jirani nikayasikia mazungumzo yale, na tangu siku hiyo nilijua huyu ni mtu wa kufanya naye kazi.

Alianza na picha za vitambulisho na za ubatizo kama wapiga picha wengine. Kwenye ng'ombe aliingia siku alipoziona nilizopiga mimi kwa simu. Alizitazama moja moja, akaniambia ng'ombe wangu wanafanana na magunia.

Sasa, mnunuzi wa nyama hajali rangi. Huyo anauliza kifua na mapaja. Ng'ombe wa mahari ni habari nyingine. Ziko familia huku kwetu ambazo zikikuambia rangi, ni rangi hiyo na si nyingine. Kuna bihogo, mwekundu aliyekolea kama udongo wa tofali uliolowa mvua. Kuna gaju, ambaye wekundu wake ni mwepesi, unaelekea jani kavu la mgomba. Mgeni akiwaona wote wawili atasema ni ng'ombe wekundu. Mzee wa Ngara atamhurumia.

Rangi hizi mbili zinaisumbua kamera. Mwaka wa kwanza Josefina alimpiga bihogo aliyesimama kwenye udongo mwekundu mbele ya ukuta wa matofali ya kuchoma, akaiacha kamera ijichagulie yenyewe. Ng'ombe akatoka kijivujivu kama aliyeugua wiki tatu. Mnunuzi alikataa, akamnunua mwingine. Mwenye studio mmoja wa Kahama ndiye aliyemweleza kilichotokea: kamera ikiona wekundu mwingi inadhani mwanga ndio mwekundu, inauondoa. Kwa hiyo kabla ya kupiga, iwekee kitu cheupe mbele yake, kwenye mwanga uleule aliosimama mnyama, uiambie hiki ndicho cheupe. Rangi nyingine zote zitajipanga kufuata hapo.

Josefina aliliita jambo hilo kuipa kamera weupe. Alinunua ndoo mpya ya plastiki, ndoo akaichotea maji, kifuniko akakifanya kifaa cha kazi. Alikwenda nacho kila mahali, watu wakidhani anauza maziwa. Anafika, anaomba kifuniko kishikwe karibu na shingo ya ng'ombe, anaipa kamera weupe, kifuniko kinaondolewa, anapiga. Mwaka wa pili haujaisha, wanunuzi walikuwa wakiniuliza swali moja: picha ni ya Josefina? Nikisema ndiyo, hawaji kumwona mnyama. Kwa kazi yetu hiyo ndiyo mali. Kamera ikiibwa utapata nyingine. Watu wakianza kuja kumkagua ng'ombe wenyewe kwa macho, mpiga picha wa nini?

Mwaka juzi Evaristi, kijana anayeuza spea za pikipiki hapa Nyakanazi, alikuwa anamchumbia Diane, binti wa Kibimba. Baba yake Diane alishafariki, kwa hiyo mahari ilisimamiwa na baba yake mkubwa, Mzee Pancras, mwenye mguu mbovu na macho mazima. Mengine yote yalishakwisha. Kilibaki kitu kimoja, mtamba, na awe bihogo, kwa kuwa mama yake Diane alitolewa bihogo na mzee hakutaka mtoto apewe pungufu ya mama. Tangazo la ndoa lilishasomwa kanisani mara ya kwanza. Yalibaki mawili.

Evaristi alinijia mimi. Nikasikia kwamba Bisibo yuko mama mmoja mkulima, Melania, anauza mtamba mzuri. Mimi nilikuwa na safari ya mnadani upande mwingine, nikamtuma Josefina ampige picha mtamba wa Melania anitumie. Sikumwambia inatakiwa rangi gani. Sikumwambia hata kama ni wa mahari. Hiyo ndiyo kawaida yangu. Muuzaji akijua unatafuta bihogo na harusi imekaribia, bei inapanda kabla hujashuka kwenye pikipiki, na nimeona mara nyingi mpiga picha, bila ubaya wowote, akimmwagia mwenye ng'ombe habari yote huku anamsubiri mnyama atulie.

Josefina alifika Bisibo karibu saa sita mchana. Bodaboda aliyemleta aligeuza na kuondoka, na kifuniko kimefungwa kwa mpira nyuma ya siti. Alimwita, hakusikia. Akamwomba Melania kitu chochote cheupe. Melania aliingia ndani akatoka na kitambaa cha meza ya sala, kimekunjwa, kimepigwa pasi, cheupe hadi kinaumiza macho. Josefina aliniambia baadaye kwamba alifurahi. Aliona amepata weupe kuliko wa kifuniko. Melania akakishika karibu na shingo ya mtamba, kamera ikapewa weupe, picha zikapigwa. Alizihamishia kwenye simu na kuzituma palepale, maana mtandao wa Bisibo ukipatikana huuachi upite. Jua lilikuwa la utosini na kioo cha simu hakikuonyesha kitu zaidi ya uso wake mwenyewe.

Mimi nilizifungua nikiwa kivulini. Nikaona bihogo. Nilijipongeza kimoyomoyo, nikamrushia Evaristi, Evaristi akamrushia Diane, Diane akampelekea simu Mzee Pancras. Jibu lilirudi la neno moja: huyo. Nilielewana na Melania kwa simu, kwa bei nzuri kwa sababu rangi haikutajwa. Kibali cha kusafirisha kikatoka, mtamba akapakiwa kwenye Fuso kupitia Lusahunga kwenda Ngara. Mimi na Evaristi tulitangulia kwa basi, tumevaa makoti.

Mtamba alipoteremshwa Kibimba, Mzee Pancras alimzunguka mara mbili na fimbo yake. Kisha akamwomba Diane simu. Akaangalia simu, akaangalia ng'ombe, akaangalia simu.

"Huyu ni gaju," alisema. "Mlinitumia bihogo."

Nilimwambia ni vumbi la njiani. Mzee hakubishana. Aliagiza maji, akalowesha kiganja, akampangusa mtamba ubavuni kwa utulivu kama anayefuta meza, akanionyesha mkono.

"Vumbi limetoka. Gaju amebaki."

Mtamba hakuingizwa zizini. Alifungwa kwenye mti nje, kando ya barabara, mahali ambapo kila anayepita ataona kwamba ng'ombe wa watu wa Nyakanazi hajapokelewa. Mzee alisema tangazo la tatu halitasomwa mpaka bihogo afike. Kisha akauliza nani aliyepiga picha. Nilipotaja jina, alimrudishia Diane simu.

"Habonimana nilimjua, ndizi nikinunua kwake. Hakuwahi kuniongezea hata mkungu mmoja kwenye hesabu. Mwambieni mtoto wake aje anionyeshe anavyowapaka ng'ombe rangi."

Habari ilifika Nyakanazi kabla yetu. Josefina alikuta watu wamekwishaipika na kuipakua. Ndassa, dalali mwenzangu, alimsimamisha mbele ya kituo cha mafuta akamwomba ampigie picha mbuzi wake awe ng'ombe, na ikiwezekana awe na mimba. Watu walicheka. Hilo halikuwa shida, Ndassa humcheka kila mtu. Shida ni kwamba wiki hiyohiyo Ndassa alimtuma mtu mwingine na simu kwenda kupiga picha ng'ombe watatu, na mnunuzi mmoja wa Geita akanipigia kuuliza kama fahali aliyemnunua mwezi uliopita, ambaye alikwishamla, alikuwa kweli wa rangi ile.

Nilikwenda kwa Josefina na shauri. Lilikuwa shauri zuri.

"Tuseme ni simu," nilimwambia. "Simu ya Diane ni ya bei ya chini. Kila mtu atakubali."

"Picha zangu zimepita kwenye simu za bei ya chini miaka mitano," alisema. "Leo nikisema ni simu, kesho nani ataniamini kwenye simu yake?"

"Basi tuseme ni jua."

"Wewe kula chapati."

Alikuwa ameifungua picha ya Bisibo na anaikuza, kipande kwa kipande, na hakuwa anamwangalia mtamba. Nyuma ya miguu ya mtamba alikuwepo yangeyange, yule ndege mweupe anayefuata ng'ombe. Akanisogezea simu.

"Umeshawahi kumwona yangeyange wa rangi ya samli?"

Sikuwahi. Kumbe hakubadilika ng'ombe peke yake. Kila kitu kwenye picha ile kilikuwa kimeungua kidogo: yangeyange, pembe, hata kucha za Melania aliyeshika kamba. Josefina alikaa na jambo hilo mpaka chai ikapoa. Kesho yake alirudi Bisibo, nami nikaenda naye, kwa sababu nilikuwa na ng'ombe aliyefungwa kwenye mti wa watu.

Melania alitupokea vizuri. Alidhani tumekuja kununua mwingine. Baada ya shikamoo na marahaba, Josefina akamuuliza kile kitambaa anakifua na nini.

"Sabuni ya mche," Melania alisema. "Halafu bluu. Wenzangu wanatia bluu mara moja, ndiyo maana vyao vinafanana na vya jikoni. Mimi natia mara mbili."

Mwanamke yeyote wa huku anayefua nguo nyeupe anaijua bluu. Kitambaa cheupe kikizeeka kinaingiwa na unjano, na maji yetu haya yenye udongo yanauongeza. Ukikisuuza kwenye maji yenye bluu kidogo, unjano unapotea na jicho linakiona cheupe kuliko kilivyokuwa kipya. Jicho linapenda kudanganywa hivyo. Kamera haina mapenzi. Iliambiwa kitambaa kile ndicho cheupe, na kitambaa kilikuwa na ubuluu ndani yake, basi kamera ikaupunguza ubuluu ule kwenye kila kitu na kuacha joto la wekundu na unjano lijae. Yangeyange akawa samli. Gaju akawa bihogo.

Josefina aliomba aazimwe kitambaa.

"Kitambaa changu kimekosa nini?" Melania aliuliza.

"Hakijakosa, mama. Kimetakata kupita kiasi."

"Kikirudi na doa, ndipo utanijua."

Kujua kosa ni jambo moja. Josefina alitaka pia kujua aende Kibimba na kitu gani mkononi, maana kile kifuniko cha zamani bodaboda alikwishakitumia kukinga matope ya gurudumu. Alipanga meza uani kwake, juani, akaweka vitu vyeupe alivyovipata: karatasi ya daftari, unga wa sembe kwenye sahani, chumvi, kitambaa cha Melania, kifuniko cha ndoo ya jirani, na kipande cha utepe wa mafundi bomba, ule mwembamba wanaouzungusha kwenye nati kabla ya kukaza ili maji yasivuje. William, fundi wa mabomba ya gesti, alikuwa ameuacha pale siku moja. Ukivitazama kimoja kimoja, vyote vilikuwa vyeupe. Ukivitazama pamoja, ungeshangaa vimewezaje kuitwa jina moja. Daftari lilikuwa na ubuluu kama kitambaa, tena wa kiwandani. Kifuniko cha jirani kilikuwa kimepigwa jua miaka na kuwa na unjano.

Aliipa kamera weupe kwa kila kimoja, na kila mara akapiga jani lilelile kavu la mgomba, kisha akalishika jani ubavuni mwa kioo cha kamera, chini ya kanga, akalinganisha. Kwa daftari jani liliungua. Kwa kifuniko cha jirani lilipoa likawa kama la mti mwingine. Sembe ilikaribia. Utepe wa fundi bomba ulilirudisha jani kama lilivyo. Alirudia mara tatu, mara ya tatu mimi nikiwa nimesinzia. Nilimuuliza kwa nini utepe na si kitu chenye heshima zaidi. Alisema hajui, labda kwa sababu hakuna aliyewahi kuutia dawa ili upendeze. Akanunua kifuniko kipya na mizunguko minne ya utepe, akauviringisha tabaka juu ya tabaka mpaka plastiki haikuonekana.

Tulifika Kibimba Jumamosi, siku moja kabla ya tangazo la tatu. Gaju alikuwa bado mtini, ananenepa kwa majani ya watu. Josefina alichagua saa sita kasoro, mwanga wa saa ileile ya Bisibo. Mzee Pancras alikuwa ameketi kwenye kiti nje na wazee wengine wanne, na barabarani watu walikuwa wengi kuliko inavyostahili kwa ng'ombe mmoja.

Josefina alipiga goti kidogo akamwamkia. Marahaba ilichelewa, lakini ilitoka.

Hakueleza kitu. Alimpa Diane kitambaa cha Melania akishike kwenye shingo ya mtamba, akaipa kamera weupe, akapiga, akampelekea mzee kamera. Mzee alifunika kioo kwa kofia yake akatazama. Kisha Josefina akampa Diane kifuniko, akaipa kamera weupe upya, akapiga tena, akapeleka. Mzee alitazama ya kwanza, ya pili, akarudi ya kwanza. Kamera ikazunguka kwa wazee wote. Kwenye ya kwanza kulikuwa na bihogo. Kwenye ya pili, gaju. Ng'ombe mwenyewe alikuwa anacheua.

Mzee Pancras si mtu wa kukubali mara moja, na kwa hilo namheshimu. Alitaka kurudiwa, aanze na kifuniko. Ikawa vilevile. Kisha akageuza kiti akawapa mgongo, akataka wapige bila kumwambia wametumia kipi. Alipoletewa picha alisema kitambaa. Ilikuwa kitambaa. Mwisho akavua kofia.

"Nipige mimi, kwa kitambaa."

Akapigwa. Alijitazama kwa muda.

"Kumbe hata mimi ni bihogo," alisema, na wazee wakapata ruhusa ya kucheka.

Nilidhani limekwisha. Lakini mzee alimtazama Josefina akamuuliza lile swali nililokuwa naliogopa tangu Bisibo: je, alipomwona mtamba kwa macho yake, hakujua kwamba ni gaju?

"Nilijua, mzee. Nimekulia hapa, gaju namjua. Sikujua kwamba mnataka bihogo. Niliambiwa nimpige picha mtamba wa Melania, basi."

Watu wote wakanigeukia mimi. Nilipima. Kukaa kimya kungenipotezea mpiga picha. Kusema kungeniaibisha mchana mmoja, na Kibimba si mahali ninapofika kila wiki. Nikasema. Niliwaeleza kwamba sikumwambia mtu rangi, kwa ajili ya bei, na kwamba ndivyo ninavyofanya siku zote.

"Na bei uliipata?" Mzee Pancras aliuliza.

"Niliipata."

"Basi ndiyo hiyo iliyofungwa kwenye mti."

Kisha akatoa uamuzi wake, bila kusimama. Binti Habonimana hakudanganya. Kitambaa kilikuwa cha bluu na dalali alikuwa dalali. Lakini aliyepo pale bado ni gaju, na mtoto wake hatolewi gaju.

Josefina hakumwombea Evaristi wala mimi. Aliomba jambo moja kwa ajili yake mwenyewe: mzee ayaseme maneno yale kuhusu yeye kwenye simu, sauti ipelekwe Nyakanazi. Mzee aliishika simu mbele ya mdomo kama kikombe cha uji, akataja jina lake kamili, kijiji chake, na jina la marehemu Habonimana, akasema picha ilipotoshwa na kitambaa na kwamba amehakikisha kwa macho yake. Ujumbe huo ulimfikia Ndassa kabla hatujamaliza chakula. Najua kwa sababu mimi ndiye niliyemtumia.

Baada ya chakula Josefina alifungua kamera akaanza kurudi nyuma kwenye picha za zamani. Wiki tatu kabla, kwa kifuniko chake cha kwanza, alikuwa amempiga mtamba wa bwana mmoja karibu na Lusahunga ambaye hakupata mnunuzi. Alimwonyesha mzee. Mzee aliitazama muda mrefu, kisha akasema inaweza kuwa yeye, ila akampige upya, na safari hii kile kifuniko kisiondolewe. Kibaki ndani ya picha, akione.

"Nikikiona kifuniko ni cheupe," alisema, "ng'ombe nitamwamini."

Ndivyo ilivyofanyika. Kesho yake asubuhi, kabla misa ya kwanza haijaisha Kibimba, picha ilifika: mtamba aliyekolea kama tofali lililolowa, na kando ya shingo yake kifuniko cheupe kisicho na ubuluu wala unjano. Mzee alituma mtu kwa paroko, tangazo la tatu likasomwa misa ya pili. Bihogo mwenyewe aliteremshwa Jumatano. Mzee alimzunguka mara mbili, akampangusa kwa maji, akafungua zizi.

Gaju hakurudi Bisibo. Siku ile ya Jumamosi pale barabarani kulikuwa na watu wengi, na wote walishamtazama kwa macho yao kwa saa mbili. Nilimuuza kabla ya saa kumi, na sikuhitaji picha.

Tangu hapo Josefina hapigi ng'ombe bila kifuniko kuonekana pembeni. Wanunuzi wameshazoea, picha ikifika bila kifuniko wanauliza kimekwenda wapi. Wapo waliomwiga. Kijana mmoja wa Ndassa anapiga na sahani ya plastiki, mwingine na kifuniko cha ndoo kilichofifia, na ng'ombe wao wanatoka wamepoa kama waliolala mtoni. Josefina hajawahi kuwaambia kuhusu utepe, na mimi sikuulizwa. Anaubadilisha kila mwezi ukianza kushika uchafu. Kitambaa cha Melania kilirudi bila doa.

Harusi aliipiga yeye. Alitumia kifuniko, kwa mazoea, na Diane akatoka na gauni lenye ubuluu wa maziwa yaliyoongezwa maji, kwa sababu kabla ya siku hiyo mama yake alikuwa amelisuuza kwenye bluu, bila shaka mara mbili. Mama alilalamika. Alisema watu wote kanisani waliona gauni jeupe. Nilitegemea Josefina abishane, na sauti ya Mzee Pancras alikuwa bado nayo kwenye simu. Hakubishana. Alikaa na picha ile kwenye kompyuta ya steshenari ya jirani akalifanya gauni kuwa jeupe kabisa, akachapa. Nilimuuliza ile misimamo ya Kibimba imekwenda wapi.

"Gauni halirudishwi na lori," alisema.

Picha hiyo imetundikwa dukani kwa Evaristi, juu ya minyororo ya pikipiki. Gauni linang'aa. Bwana na bibi harusi wamewaka kidogo usoni, na nyuma yao, kwenye kona, anaonekana bihogo, mwekundu hadi anaelekea weusi. Mzee Pancras alipoletewa nakala yake aliisogeza mbali, akaileta karibu, akauliza huyu ng'ombe waliyemweka kwenye picha wamemtoa wapi.

Josefina alimchapia nyingine, ile ya mwanzo. Ndiyo iliyopo ukutani Kibimba: gauni lina ubuluu, na ng'ombe ni yule aliyeko zizini.